KIJIJI CHA BABU KIKO WAPI?
(Juu ya vijiji vya Ujerumani vilivyopotea ao kubadilishwa jina)



Tuseme kijana mmoja wa Marekani anafungua sanduku la nyanya yake na kukuta karatasi ya ubatizo. Imeandikwa kwa Kijerumani, mwaka 1881, na mahali ni Stallupönen. Anachukua karta ya leo ya Ujerumani, anatafuta toka juu mpaka chini: hakuna. Anaomba karta ingine, kubwa zaidi: hakuna. Basi anafikiri kama mwandikaji alikosea. Kumbe karatasi inasema kweli, ni karta ndiyo iliyobadilika. Watu wenye shida hii ni wengi, maana katika karne ya 19 Wajerumani karibu milioni 5 walivuka bahari kwenda Marekani, na wajukuu wanapenda kujua walitoka wapi.

Sisi tusicheke. Barua iliyoandikwa Elisabethville mwaka 1960, mtoto wa leo ataitafuta karta gani? Tangu 1966 ni Lubumbashi. Lakini kwetu jina liliondoka, watu wakabaki. Kule mashariki ya Ujerumani jina liliondoka na watu wakaondoka vilevile. Ndiyo maana hakuna mzee wa kuuliza.

Tufuate huyu Stallupönen. Ulikuwa mji mdogo wa Prusia ya Mashariki, na jina lake lilitoka katika lugha ya Kilituania. Mwaka 1938 serikali ya Hitler haikupenda majina ambayo hayakusikika kama ya Kijerumani, ikayafuta mengi sana katika jimbo lile. Stallupönen ukaitwa Ebenrode. Nyuma ya vita ya 1945 sehemu ile ikawa ya Urusi ya Kisovieti, na mwaka 1946 mji ukaitwa Nesterov, jina la koloneli mmoja aliyekufa vitani karibu na pale. Mahali pamoja, majina matatu katika miaka 8! Mwenye kutafuta Ebenrode katika buku la 1881 anapoteza wakati wake, na mwenye kutafuta Stallupönen katika karta ya leo anapoteza pia.

Kwa hiyo swali la kwanza si « wapi? ». Ni « mwaka gani? ». Ukijua mwaka wa karatasi, unajua utumie karta ya wakati gani.

Upande wa Polonya mambo yalikwenda namna ingine. Mkutano wa Potsdam wa 1945 uliweka nchi zilizo ngambo ya mito Oder na Neisse chini ya Polonya. Wajerumani karibu milioni 12 walikimbia ao walifukuzwa kutoka nchi hizo na nchi zingine za mashariki ya Ulaya. Mwaka 1946 serikali ya Polonya iliweka kamati ya kuchagua majina. Mara zingine ilirudisha jina la zamani la Kislavi: Breslau ukawa Wrocław. Mara zingine ilitafsiri tu: Grünberg ni « mlima wa majani mabichi » kwa Kijerumani, na Zielona Góra ni vilevile kwa Kipolonya. Na Lötzen ulipewa jina Giżycko, kwa heshima ya Gustaw Gizewiusz, mchungaji wa Kiprotestanti wa karne ya 19 aliyetetea lugha ya Kipolonya ya watu wa pale. Hili halitafsiriki. Lazima ulijue tu.

Kuko buku moja linalosaidia sana, linaitwa Meyers Orts, la miaka 1912 na 1913. Ndani yake mna majina zaidi ya 200.000 ya Dola ya Kijerumani ya wakati ule, hata ya vijiji vidogo kabisa. Kwa kila mahali linaonyesha wilaya, na ofisi ya kuandikisha watoto na maiti. Jihadharini: herufi zake ni za zamani, s na f zinafanana kama mapacha, hata B na V zinadanganya. Na ukikuta Neudorf, yaani « kijiji kipya », usiruke kwa furaha. Vijiji vya jina hili ni vingi sana, bila wilaya hutoki.

Ofisi hizo za serikali katika Prusia zilianza Oktoba 1874 tu. Mbele ya hapo, mandiko ya watu yalikuwa kwa kanisa, na vijiji vingi havikuwa na kanisa lao. Watu walibatizwa katika parokia ya jirani. Kwa hiyo tafuta parokia kuliko kijiji. Mabuku mengine yaliungua vitani, lakini mengine ya Waprotestanti wa mashariki yaliokolewa na yanatunzwa Berlin.

Sasa vile vilivyopotea kabisa. Vingine havikuona vita hata kidogo. Ukuta wa kuzuia mto Eder ulipomalizika mwaka 1914, vijiji vya Asel, Bringhausen na Berich vilikuwa vimehamishwa, maji yakafunika mahali pao. Wenyeji walijenga vingine kwa majina yaleyale, na maji yakishuka sana daraja la zamani la Asel linatokea tena. Gruorn, kusini, kilichukuliwa na jeshi kwa mazoezi ya bunduki, watu wakatoka mpaka 1939. Kanisa lake lingali linasimama, na kila Pentekoste watu wanakusanyika hapo.

Lakini makaa ya mawe ndiyo yamekula zaidi. Yako karibu na uso wa udongo, basi wanachimba shimo pana na kijiji kinaondoka kizima, makaburi pamoja. Heuersdorf, karibu na Leipzig, kilibomolewa hivyo. Kanisa lake dogo la mawe, lililojengwa karne ya 13, lilinyanyuliwa zima mwaka 2007, likapandishwa juu ya gari la magurudumu mengi na kutembezwa polepole kilometa 12 hivi mpaka mji wa Borna. Mjukuu wa mtu wa Heuersdorf akifika leo kijijini kwao, hakuna kitu. Aende Borna, aulize Martin-Luther-Platz, na pale ataona mlango ambao babu zake walipitia.