Zamu ya usiku, mnada na sikukuu: saa za kuingia kwenye mfumo

Tuseme matroni wa hospitali moja wilayani Iramba anamwandikia afisa TEHAMA karatasi fupi: wauguzi wa zamu ya usiku waruhusiwe kufungua mafaili ya wagonjwa kwenye mfumo wakati wa zamu yao tu, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Kwa binadamu ombi hilo halina utata. Kompyuta ndiyo itakayolivuruga, na italivuruga ikifika saa 6 usiku.

Mifumo mingi huhifadhi ruhusa kama siku moja yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ukiandika Jumanne, 20:00 hadi 08:00, mwisho umetangulia mwanzo. Mfumo mmoja utaikataa kanuni hiyo. Mwingine utaikata vipande viwili, vyote vya Jumanne: saa 6 usiku wa kuamkia siku hiyo hadi saa 2 asubuhi, kisha saa 2 usiku hadi saa 6. Matokeo yake, muuguzi aliyeingia zamu Jumanne jioni anafungiwa nje saa 6 usiku, pengine akiwa na mama mwenye uchungu kitandani, huku alfajiri iliyotangulia akaunti yake ilikuwa wazi naye amelala nyumbani. Moduli ya Linux iitwayo pam_time hulikwepa shimo hili kwa kanuni ndogo: saa ya mwisho ikiwa pungufu ya saa ya kuanza, inahesabiwa kuwa ya siku inayofuata. Inasaidia, lakini mimi naona ni bora kuacha kabisa kuandika saa ya mwisho. Andika mwanzo na muda: Jumanne saa 2 usiku, kwa saa 12. Kiwango cha iCalendar, ambacho toleo lake la RFC 5545 lilitoka mwaka 2009, kinaruhusu tukio liandikwe hivyo, na usiku wa manane hauna tena cha kuharibu.

Kwenye fomu ya kujazia, weka namna zote mbili za kuandika saa, «20:00» na «saa 2 usiku». Atakayejaza 2:00 akidhani ameeleweka atakuwa amefungua mlango saa 8 usiku.

Lipo pia suala la saa ya wapi. Active Directory ya Microsoft hutunza saa za kuingia za kila mtumiaji kama alama 168, moja kwa kila saa ya juma, zikianzia saa 6 usiku wa kuamkia Jumapili kwa saa ya dunia (UTC). Kwa kuwa sisi Tanzania tuko saa tatu mbele, alama ya kwanza kwa mtu wa Iramba ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumapili. Programu ya kuweka mipangilio hukufanyia hesabu hiyo, ila ukiandika skripti yako mwenyewe utaifanya wewe. Na nusu saa haimo. Ofisi ya serikali inayofungua saa 1:30 asubuhi lazima uichagulie saa 1 au saa 2, na nadhani hakuna mkuu wa idara atakayekubali saa 2.

Wengine husema Tanzania haibadilishi saa kwa majira kama Ulaya, basi tuhifadhi kila kitu kwa saa ya dunia, tujumlishe tatu, tumalize. Sudan Kusini nayo ilikuwa mbele kwa saa tatu kama sisi mpaka tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Kanuni iliyotaja jina la eneo ilihitaji tu jedwali la saa za maeneo ya dunia lisasishwe kwenye kompyuta. Iliyoandikwa «jumlisha tatu» ilibaki imekosea hadi mtu alipokumbuka. Kwa hiyo andika Africa/Dar_es_Salaam, na hesabu iachie mashine.

Sasa tuhamie mnadani. Minada mingine hufuata siku ya juma, mingine tarehe ya mwezi, na halmashauri ikitaka akaunti ya mkusanya ushuru mwenye mashine ya POS iwe hai siku ya mnada tu, kanuni lazima ijue tofauti hiyo. Hapa kuna mtego wa zamani. Katika cron, kipanga kazi cha Unix na Linux, ukijaza tarehe 5 na pia Jumamosi, hupati tarehe 5 iliyoangukia Jumamosi. Unapata kila tarehe 5 na kila Jumamosi. Kwa iCalendar masharti hayo mawili hukatana, na unapata siku moja unayoitaka. Vilevile kanuni ya «kila tarehe 31» huruka miezi isiyo na tarehe hiyo bila kusema neno. Mhasibu anayefunga hesabu mwisho wa mwezi aandikiwe «siku ya mwisho», maana Juni, unapoishia mwaka wa fedha wa serikali, una siku 30.

Sikukuu zisiingizwe ndani ya kanuni. Muungano ni 26 Aprili kila mwaka, lakini Iddi hufuata mwandamo wa mwezi, na zipo siku zinazotangazwa ghafla: zile za Machi 2021, wakati wa maziko ya Rais Magufuli, au 23 Agosti 2022, siku ya Sensa. Siku ya Sensa ofisi zilifungwa huku makarani wakizunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi, kwa hiyo orodha moja ya «siku za kufunga» kwa watumiaji wote isingetosha. Kila kundi liwe na orodha yake, na mtu mmoja mwenye jina awe na mamlaka ya kuibadilisha.

Hata kanuni iliyonyooka ina kikomo. pam_time hukagua saa mtu anapoingia. Aliyekwisha kuingia haimtoi muda ukiisha, na kumtoa ni kazi ya programu nyingine. Wodini nisingependa atolewe. Aongezewe dakika thelathini za kumalizia kumbukumbu, na uwepo mlango wa dharura unaofunguka kwa sababu iliyoandikwa, ambayo matroni ataisoma asubuhi. Na mwenye uwezo wa kubadilisha saa ya kompyuta ameshazivunja kanuni zote, kwa hiyo uwezo huo usiwe wa kila mtumiaji.

Kabla ya kuwasha kanuni, iambie kompyuta itoe tarehe na saa zote itakazoruhusu kwa mwaka mzima, uzichape, umpelekee matroni pamoja na ratiba yake ya zamu. Aanze kuangalia usiku wa tarehe 31 Desemba.