Je, Wajua? Picha ya Mwenye Shamba Iliyoachwa na Pengo

Je, wajua kwamba moja ya picha mashuhuri zaidi za Uingereza haikumalizwa? Ni ile ya Bwana na Bibi Andrews, iliyochorwa na Thomas Gainsborough yapata mwaka 1750, akiwa kijana wa miaka ya ishirini.

Robert Andrews amesimama chini ya mwaloni, bunduki kwapani, mbwa wake pembeni. Mkewe Frances ameketi kwenye benchi, amevaa gauni la buluu. Tazama mapajani pake: pana sehemu tupu isiyopakwa rangi. Wapo wanaodhani palikusudiwa ndege aliyewindwa, wengine kitabu, wengine mtoto. Hakuna aliyethibitisha.

Wanandoa hao wamesogezwa kushoto kabisa. Nafasi iliyobaki ni ya ardhi yao: miganda ya ngano, kondoo ndani ya uzio, na mistari ya mabua iliyonyooka, dalili ya mashine ya kupandia mbegu, ambayo enzi hizo ilikuwa zana ya kilimo cha kisasa. Hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo, maana shamba limechorwa kwa mapenzi kuliko hata nyuso.

Si ajabu. Gainsborough alipenda mandhari, ila sura za watu ndizo zilizomlisha. Mchoraji mwenzake, Joshua Reynolds, alisimulia kwamba Gainsborough alipanga mawe, majani makavu na vipande vya kioo mezani, kisha akavigeuza kuwa miamba, miti na maji.

Picha ilibaki mikononi mwa ukoo wa Andrews hadi 1960. Sasa iko National Gallery, London, na kuiona ni bure.