Mjusi Akabidhiye Mayai Yake kwa Jua

Katika matuta ya mchanga ya pwani ya Merseyside, nchini Uingereza, huishi mjusi wa mchanga. Majira ya kuchipua yafikapo, mbavu za dume hugeuka rangi ya kijani, naye hutafuta jike. Mnamo Juni jike huchimba shimo penye mchanga mtupu, hutaga, huyafukia mayai, kisha huenda zake. Kiyaatamiacho ni joto la jua pekee, hata watoto waanguliwe Agosti au Septemba. Lakini vichaka vikiufunika mchanga, ardhi hupoa na mayai huharibika. Kwa hiyo mjusi huyo hulindwa na sheria, ikiwemo ile ya mwaka 1981, na watunzaji wa matuta hufyeka vichaka. Mchanga uonekanao mtupu ndio kitanda cha uzao wake.