Shtaka la kuzua fujo: Wanaokiri kwa kuogopa rumande

NI nadra kwa mahakama ya hakimu humu nchini kumaliza juma zima bila karani kusoma shtaka la kuzua fujo kwa namna inayoweza kuvuruga amani. Mshtakiwa huwa mlevi aliyegombana na mhudumu wa baa, jirani aliyerushiana maneno na mwenzake kuhusu mpaka wa shamba, au kijana aliyemfokea babake huku ameshika panga akidai urithi. Wapo wanaokiri papo hapo, wakiamini kuwa hiyo ndiyo njia ya mkato ya kurudi nyumbani.

Imani hiyo ina gharama. Anayekiri na kupatikana na hatia huingia katika rekodi za wahalifu hata akitozwa faini ndogo, na rekodi hiyo inaweza kujitokeza siku anapotafuta cheti cha tabia njema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ili aombe kazi.

Shtaka lenyewe limo katika kifungu cha 95(1)(b) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya. Kinamlenga mtu anayepigana, au anayeleta vurugu kwa njia nyingine yoyote, kwa namna inayoweza kusababisha uvunjaji wa amani. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi sita.

Maneno "kwa namna inayoweza" ndiyo uti wa mgongo wa kosa hili. Upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kwamba amani ilivunjika, lakini pia hauwezi kuishia kusema kuwa mshtakiwa alipaza sauti. Sharti ushahidi uonyeshe kwamba mwenendo wake, mahali pale na mbele ya watu wale, ungeweza kuzusha ghasia. Kumuuliza afisa wa polisi sababu ya kukamatwa, hata kwa ukali, hakutoshi peke yake.

Kifungu hicho hakisemi kwamba vurugu ziwe hadharani. Ndiyo maana ugomvi wa ndani ya boma unaweza kufikishwa kortini. Kifungu cha 94, kinachohusu matusi na vitisho, ndicho kinachotaka tukio liwe limetokea mahali pa umma au katika mkutano wa umma.

Turejee kwenye ile miezi sita, maana ndiyo yenye uzito ambao raia wengi hawaujui. Kifungu cha 49(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinaagiza kuwa mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kuzua fujo kunaingia humo barabara. Kwa hivyo, anayekiri kwa kuogopa rumande anaogopa jambo ambalo Katiba imelikataza. Akiwekewa dhamana ya pesa asizoweza kuzipata, ana haki ya kumkumbusha hakimu kifungu hicho, awe na wakili au asiwe naye. Kinga hii haiendi mbali zaidi ya hapo: polisi wakiongeza shtaka la kumshambulia mtu na kumdhuru mwili, ambalo kifungo chake hufika miaka mitano, hesabu hubadilika.

Kabla ya korti kuna kituo cha polisi, na hapo siku ya kukamatwa ina maana kubwa. Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiishia siku ambayo mahakama hazifanyi kazi, basi afikishwe siku ya kazi inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza hivyo kulala korokoroni hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Hata hivyo, kifungu cha 36 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka mkuu wa kituo amwachilie kwa bondi mtu aliyekamatwa bila waranti iwapo haiwezekani kumfikisha kortini katika saa hizo 24, na kosa lake halionekani kuwa zito. Ni vigumu kuona jinsi ugomvi wa baa unavyoweza kuitwa kosa zito.

Kosa hili lisichanganywe na lile la kusanyiko haramu, linalohitaji watu watatu au zaidi wenye nia ya kutenda kosa, au lengo la pamoja wanalolifuata kwa namna inayowatia majirani hofu ya amani kuvunjika. Wala kuandamana kwa amani si fujo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki hiyo, na tangu marekebisho ya mwaka 1997, Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi kutoa notisi kwa polisi kati ya siku tatu na 14 kabla ya mkutano. Notisi si kibali, ingawa maneno hayo mawili yamekuwa yakitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Je, baba aliyetishiwa kwa panga afanyeje ikiwa hataki mwanawe afungwe? Sheria ile ile ya utaratibu wa kesi, katika kifungu cha 176, inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya kibinafsi. Aidha, chini ya kifungu cha 43, hakimu akipewa habari kwa kiapo kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita aeleze ni kwa nini asiamriwe kutia saini bondi ya kudumisha amani kwa muda usiozidi mwaka mmoja, akiwa na wadhamini au bila wao. Kijana wa aina hiyo hurudi nyumbani akiwa amefungwa na ahadi yake mbele ya korti, bila kuhukumiwa kwa kosa lolote.