Kinachotushika kanisani ni ibada au ni watu?

Umehamia mji mpya kwa ajili ya chuo au kazi. Jumapili unaamka, unavaa, unaenda kanisani, unakaa benchi la nyuma, na baraka ikishatolewa tu unadandia daladala kurudi geto. Mwaka mzima hukosi ibada, lakini ukiugua wiki nzima hakuna anayekupigia simu. Tukiiweka pembeni imani yenyewe kwa muda, je, kuhudhuria hivyo kunakuongezea chochote?

Swali hili limepimwa. Mwaka 2010 mwanasosholojia Chaeyoon Lim na mwanasayansi wa siasa Robert Putnam walichapisha utafiti wa Marekani, ambako watu wazima walihojiwa mwaka 2006 na wakahojiwa tena 2007. Kati ya wanaosali kila wiki na wenye marafiki wa karibu 3 hadi 5 katika usharika wao, asilimia 33 walisema wameridhika mno na maisha yao. Wanaosali kila wiki bila rafiki wa karibu pale walikuwa asilimia 19. Na wasiokwenda kabisa? Asilimia 19 hiyohiyo! Yaani kwa kipimo hiki, wewe wa benchi la nyuma na yule aliyebaki kitandani mko sawa.

Usikimbilie kusema basi rafiki yeyote anatosha, hata wa kijiweni. Marafiki wa nje ya usharika hawakuleta matokeo yaleyale, na waliofaidika zaidi ni wale ambao pia dini ni sehemu kubwa ya wanavyojitambua. Urafiki na imani vilifanya kazi pamoja.

Afya nayo imeangaliwa. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Hapa lazima uulize: si mgonjwa mahututi hawezi kwenda kanisani? Watafiti walilifikiria hilo, wakazingatia afya ya awali, sigara na sonona. Bado si jaribio la maabara, maana huwezi kupiga kura ukawaambia hawa wasali na wale wasisali.

Sasa urafiki huo unajengwaje? Kuimba ni njia ya mkato. Nchini Uingereza watafiti, akiwemo Robin Dunbar wa Oxford, walilinganisha madarasa ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi kwa miezi 7. Waimbaji walizoeana haraka zaidi mwanzoni. Wengine waliwafikia baadaye. Mwanakwaya yeyote angekwambia hivyo bila dodoso. Ila mimi naona kwaya ina kitu kingine: kama besi mko wawili tu, ukikosa mazoezi inasikika. Kuhitajika kwa namna hiyo ndiko watu wengi wanakoita kuwa na kusudi.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, zinatumia kanuni inayofanana. Kaya chache za jirani zinasali nyumbani kwa zamu. Kwenye ibada ya watu mia nane hakuna atakayejua hukuja. Kwenye jumuiya ya watu kumi na watano, mama mwenye nyumba anajua, na jioni mtoto wake anabisha hodi kwako.

Lakini jicho hilohilo linaloona hukuja linaona pia hujatoa mchango. Linaona tumbo la binti ambaye hajaolewa. Katika baadhi ya makanisa yetu binti huyo anasimamishwa kwaya na kutengwa mpaka atubu hadharani, na kwa siku moja anapoteza marafiki wote kwa sababu wote walikuwa mahali pamoja. Akiamua kutorudi, kwenye dodoso la mtafiti atahesabiwa kundi la wasiosali. Huzuni yake itaandikwa upande huo, na kanisa litaonekana limefanya vizuri zaidi kuliko lilivyofanya.