MTOTO WA CHUONI KATIKA SKULI YA PAROKIA

Kila mwaka unapokaribia kwisha, huzuka katika baraza za mji wetu swali ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu: Je, yafaa Muislamu ampeleke mwanawe katika skuli ya maandalizi ya kanisa? Sisi tunaona kuwa swali hili linastahili kusemwa kwa sauti ya kawaida, mchana na mbele za watu, kwa sababu wanaolikabili si wachache, na kwa sababu anayezungumzwa ni mtoto wa miaka minne asiyeweza kujisemea.

Tuanze na yale yatokeayo. Mzazi hufika katika ofisi ya skuli ya parokia akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki inayoonyesha chanjo, na picha ndogo mbili tatu. Hupewa fomu. Humo huulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, maradhi aliyowahi kuugua mtoto, mtu atakayekuja kumchukua saa sita, na mara nyingi huulizwa dini. Hapo kalamu husita. Wapo wanaoiacha nafasi hiyo tupu wakidhani kuwa wakiandika Uislamu mtoto atanyimwa nafasi, au ataangaliwa kwa jicho jingine. Ushauri wetu ni mmoja: iandikwe kweli. Nafasi tupu haimlindi mtoto. Humwachia mwalimu kazi ya kukisia, na mwalimu mwenye watoto thelathini mbele yake hana wakati wa kukisia.

Mazungumzo yenyewe aghalabu ni mafupi. "Karibu, baba," husema Sista. "Ahsante, Sista. Nimemleta binti yangu, nataka aanze Januari." Hutajwa ada, hutajwa sare na rangi ya soksi, hutajwa siku ya kuanza, kisha baba huaga na kuondoka bila ya kuuliza lile hasa lililomnyima usingizi. Akifika nyumbani mama mtoto humuuliza: "Na hiyo sala ya asubuhi, umewauliza?" Hakuuliza. Aliona haya.

Haya ya namna hii haina faida kwa yeyote. Mzazi ana haki ya kujua kama watoto wote husimama katika sala ya asubuhi, na kama asiye Mkristo hutakiwa kuitamka au hukaa kimya tu. Ana haki ya kujua kama kuna kipindi cha dini, na mtoto wake atakuwa wapi wakati huo. Chakula kinapikwa wapi na kwa nyama gani. Binti akija na mtandio itakuwaje. Kuuliza hivyo si kuitukana skuli wala si kuleta fitina. Skuli yenye nia njema hupenda kuulizwa mwezi wa Novemba kuliko kulaumiwa mwezi wa Machi.

Wala kanisa lenyewe halina sababu ya kushangazwa na maswali hayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulikiri kuwa wazazi ndio wenye haki ya kuamua malezi ya kidini ya watoto wao. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 19, inalinda uhuru wa mtu katika imani yake. Basi mzazi anapouliza katika ofisi ya parokia, anasimama juu ya msingi ambao sheria ya nchi na mafundisho ya wenye skuli yote mawili yanaukubali.

Watu hawa si wageni wa jana katika visiwa hivi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, enzi za Sayyid Majid, na miaka mitano baadaye wakafungua misheni yao ya Bagamoyo. Kanisa la Minara Miwili, ambalo kila mvuvi arudiye bandarini analiona kabla hajaiona nyumba yake, ni kazi ya miaka ya 1890. Sauti ya kengele na sauti ya muadhini zimepita juu ya mapaa yale yale kwa zaidi ya karne moja. Ni kweli kwamba Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi hapa Unguja, na kisiwa kizima kikainamisha kichwa. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu tunaamini kuwa sehemu ya mnong'ono wa barazani imetoka huko: tangu siku zile baadhi yetu tumeona ni salama zaidi kutozungumza kabisa juu ya kanisa, kwa heri wala kwa shari. Kimya hicho hakijengi ujirani.

Yafaa pia tukumbuke kuwa shaka ya mzazi wa visiwani juu ya skuli ina umri mrefu, na haikuanza na misheni. Skuli za Serikali zilipoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, tena chini ya Sultani aliye Muislamu, hazikupata watoto kwa urahisi. Wazee walitaka kwanza kujua Kurani itakaa wapi. Pale ilipopewa saa yake ndani ya ratiba, shaka ilipungua. Tangu hapo hadi leo mzazi wetu hajaikataa elimu. Amekuwa akiuliza swali lile lile moja, na kila alipojibiwa vizuri amemleta mtoto.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Kabla yake skuli zilitengana kwa kabila na kwa madhehebu: jumuiya za Kihindi na zao, misheni na zao, na mtoto wa mkulima wa shamba akibaki na chuo chake na jembe la baba yake. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na mlango ukawa mmoja. Sisi wa kizazi hiki, tulioanza alifu kwa ujiti juu ya jamvi la chuo na kuendelea katika madawati ya Serikali bila ya kuulizwa baba zetu wana nini mfukoni, ni matunda ya tangazo hilo. Hatuwezi kulizungumza jambo la ada kana kwamba halituhusu.

Kwani hapo ndipo palipo na uzito wa shauri hili. Anayekwenda parokia hachagui dini, achagua skuli. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kuwa hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mzazi aliyeisikia habari hiyo alipiga hesabu yake mwenyewe: kama mtoto wangu atakutana na Kiingereza akiwa na miaka kumi na moja, bora akutane nacho akiwa na minne. Anatafuta darasa ambalo mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina, choo kinachofungika, na lango lenye mtu wa kulilinda. Akivipata kwa masista, huenda kwa masista. Lau angevipata katika shehia yake kwa miguu, asingepanda daladala alfajiri.

Na sera hiyo hiyo ya 2006 iliiingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya msingi ambayo kila mtoto anastahili kuipata. Neno hilo lilikuwa kubwa na tulilishangilia. Lakini neno la sera hutimia pale tu linapofika katika shehia kama banda lenye paa, mwalimu mwenye mshahara na vitu vya kuchezea. Pale lisipofika, mfuko wa mzazi ndio unaoamua. Mwenye nacho, Muislamu kwa Mkristo, hulipa ada parokiani au kwingineko. Asiye nacho humweka mtoto nyumbani hadi darasa la kwanza. Tusisahau kuwa miongoni mwa wasio nacho wamo waumini wa parokia yenyewe, wachukuzi na wafanyakazi wa majumbani, ambao hulisikia somo la kanisa Jumapili na ada ya skuli ya kanisa ikawashinda Jumatatu.

Si kwamba haijulikani lifanyweje. Mwaka 1986, huko Mombasa, ulianza mpango wa skuli za maandalizi ndani ya madrasa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, baada ya wazee wa Kiislamu wa pwani kulalamika kuwa watoto wao wanaachwa nyuma. Mwaka 1990 mpango huo ulifika Zanzibar. Walimu, wengi wao wanawake wa mitaa ile ile, walifunzwa kusomesha kwa michezo, wakitumia vifuu, makombe ya baharini na mbegu za miti mahali pa vitu vya dukani, na Kurani ikabaki na nafasi yake. Hakuna aliyelazimika kuchagua baina ya chuo na skuli. Jambo lililofanywa na akina mama kwa vifuu haliwezi kuwa gumu kwa Serikali yenye bajeti.

Wapo wakubwa wetu, na hapa tunasema kwa adabu, ambao wakiwa jukwaani husifu skuli ya maandalizi ya shehia, na asubuhi yake gari zao huonekana zikiteremsha watoto mbele ya lango la skuli ya kulipia. Hatuwalaumu kwa kumpenda mtoto. Tunachosema ni kwamba macho yao wenyewe yameshakagua, na matokeo ya ukaguzi huo yanastahili kuandikwa katika majalada ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali.

Tumeulizwa habari ya mtoto anayerudi nyumbani akifanya ishara ya msalaba. Nyumba hutikisika, bibi hulia. Mtoto wa miaka minne huiga kila kitu: huiga adhana, huiga mwenye kuuza samaki, huiga kikohozi cha babu yake. Asipigwe. Hata hivyo hatusemi kuwa jambo hilo ni la kupuuzwa. Mzazi na aende skuli siku ya pili, azungumze na mwalimu kwa upole, na kama kuna makubaliano yaliyoandikwa siku ya kuandikisha, ayataje. Zaidi ya hapo amtazame na mwalimu wa chuo. Mtoto anayetoka skuli saa sita, akala, kisha akapelekwa chuoni saa nane na kurudi karibu na magharibi, hana siku ya kuwa mtoto. Walimu wa vyuo wengi ni watu wa busara. Wakiombwa kumpunguzia mdogo saa, watampunguzia.

Kwa hivyo tunawaomba wakaguzi wa Wizara, watakapozitembelea skuli za maandalizi kabla ya Januari, za parokia, za madrasa na za watu binafsi bila ya kubagua, waangalie fomu ya kuandikishia watoto pamoja na vyoo na madirisha. Iongezwe humo sehemu moja tu, ambamo skuli itaeleza sala na somo la dini litakavyokuwa, na mzazi ataeleza mtoto wake ashiriki katika lipi na asishiriki katika lipi, kisha wote wawili watie saini. Na masheha, wanapoandika idadi ya watoto wa miaka minne katika shehia zao, waandike pia ni wangapi kati yao hawana pa kwenda.