Nusu ya Antena ni Gari Lenyewe

Sogeeni, wajukuu. Leo sungura na fisi wapumzike. Nitawasimulia Volkswagen ya mwaka 1965 iliyotaka kusikia.

Mikocheni ya Dar es Salaam mnaijua. Barabara ya zamani ya Bagamoyo, ambayo siku hizi inaitwa Mwai Kibaki, inapita huko, na upande wa eneo la viwanda ndiko ziliko studio za Radio One, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, redio ya huku Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Jina hilo ilipewa mwaka 1965, mwaka uleule Volkswagen yetu ilipozaliwa.

Sasa tuseme gari hilo limeegeshwa chini ya mwembe, hapohapo Mikocheni. Mgongo wake wa mviringo umepakwa rangi upya. Injini iko nyuma, buti iko mbele, na katikati ya dashibodi kuna kibati kinachoziba tundu la redio ambayo haikuwekwa kamwe. Mwenye gari, mzee wa watu, anataka redio. Mjukuu wake, wa umri wenu, ndiye ameshika tochi.

Wengi wangekimbilia Kariakoo kununua redio inayomeremeta taa. Mimi ningeanza na antena, kwa sababu redio nzuri yenye antena mbaya haina kazi, na redio ya kawaida yenye antena iliyofungwa sawasawa itakuimbia vizuri.

Sikilizeni vizuri hapa. Matangazo husafiri angani kama mawimbi, na kila wimbi lina urefu wake. Kuupata urefu huo kwa stesheni ya FM, chukua 300 ugawanye kwa namba ya stesheni. Radio One kwa Dar es Salaam iko 89.5. Gawanyeni: mnapata mita 3 na sentimita 35 hivi. Antena ya gari huhitaji robo ya urefu huo, yaani kama sentimita 84. Kwa hiyo ile fimbo ya kuchomoa kwenye magari ya zamani haikukatwa kwa kubahatisha. Ukiivuta nusu tu, umeinyima wimbi lake.

“Sasa babu, kwa nini robo tu?”

Swali zuri. Robo moja ni ile fimbo. Robo ya pili ni bati la gari: madigadi, boneti, paa. Umeme mdogo sana ambao wimbi linauamsha kwenye fimbo unahitaji chuma cha chini cha kushirikiana nacho, na chuma hicho ni bodi. Nusu ya antena ni gari lenyewe! Nilipolielewa jambo hili, niliacha kabisa kuitazama antena kama pambo.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hukwangua rangi. Hakwangui juu inakoonekana, anakwangua chini ya bati, pale washa yenye meno inapong'ata, mpaka chuma kitupu kiangaze. Kitako cha antena lazima kiguse chuma hicho. Fundi anayeionea huruma rangi atakupa redio inayochemka shhhh mwaka mzima. Akimaliza kukaza nati, apake grisi, kwa maana upepo unaotoka ghuba ya Msasani una chumvi na kutu haibishi hodi.

Kutoboa tundu la antena huko mbele ndiko kunakowatia watu hofu, nami naiheshimu hofu hiyo. Bati la mwaka 1965 ukishalitoboa limetobolewa. Kwa hiyo chungulia kwanza upande wa chini, kwa tochi, kabla ya kuwasha drili. Kwenye Volkswagen hii tangi la petroli liko hukohuko mbele, na nyaya pia zinapita. Ukitoboa, lainisha kingo kwa tupa na uzipake rangi ya kuzuia kutu kabla hujaweka chochote.

Kisha kuna suala la betri. Fungua kiti cha nyuma, utaikuta imelala chini yake. Ni ya volti 6, na redio za leo zinataka volti 12. Ama mnunue kifaa cha kupandisha umeme, ama mtafute redio ya kale ya volti 6. Magari ya Kiingereza ya miaka hiyo, kama Morris Minor na Land Rover za mapema, yana mtego mwingine: upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio ya kisasa ina ganda la hasi. Ukiibana kwenye bodi ya namna hiyo na kuiunganisha bila kujua, fyuzi inakatika, au redio inaungua.

Kelele za injini ndani ya redio nazo zina kisa chake. Mwaka 1930 huko Chicago, Paul Galvin alikuwa na kiwanda kidogo kilichobanwa na ukata. Yeye na wenzake walifunga redio kwenye gari lake la Studebaker, akaliendesha mpaka Atlantic City kulikokuwa na mkutano wa wafanyabiashara wa redio. Hakuwa na meza ya maonyesho ndani, basi akaegesha nje na kufungulia sauti kubwa ili wapita njia wasikie. Redio ile ndiyo iliyoitwa Motorola. Taabu yao kubwa ilikuwa cheche za plagi, kwa sababu kila cheche nayo hurusha wimbi lake, na redio haijui kuchagua.

Taabu hiyo ipo hadi leo. Washa redio kabla ya injini, sikiliza, kisha piga stata. Ukisikia trrr inayokwenda mbio ukikanyaga mafuta, ni cheche: weka nyaya za plagi zenye ukinzani. Ukisikia mluzi, wiii, ni dainamo: weka kapasita. Halafu chomoa waya wa antena kwenye redio. Kelele ikikoma, ilikuwa inaingia kupitia antena. Ikiendelea, inapita kwenye waya wa umeme. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumsaidia fundi kwa kipimo hiki, na fundi akashukuru.

Sasa ndiyo mwende dukani. Redio nyingi za mitumba zilitoka Japani, ambako FM inaanzia 76, na zile za zamani zinaishia 90. Radio One utaipata. EFM ya 93.7 hutaipata, labda ufunge kile kidude cha kushusha masafa kati ya antena na redio, kama walivyofunga wenye Toyota wengi jijini. Kwa Volkswagen yetu sioni haja: tafuteni redio inayofika 108. Mwambieni muuzaji, kwa adabu, aiunganishe redio na betri mbele yenu na kupandisha namba taratibu. Ikifika huko, mzee mwenye gari atoe pesa.